Joto ni deni: samaki wa Huangpu, wa Ghuba na wa kwetu

Sisi tunaoishi Ghuba hatuhitaji mwalimu wa joto. Kuanzia Juni hadi Septemba kila nyumba ina ratiba yake: watoto hawatoki kucheza mpaka jua lizame, sokoni tunakwenda alfajiri au usiku, na AC haizimwi. Samaki hana AC. Ukiwaacha wachache kama jodari, mwili wa samaki hauna joto lake mwenyewe kama wetu. Maji yakiwa nyuzi 34, na damu yake ni nyuzi 34. Kwa hiyo zile habari za bahari kupata joto tunazozisoma kila siku, kwetu ni habari za hali ya hewa, kwake ni habari za mwili wake.

Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote tangu vipimo vianze kuwekwa, na Aprili mwaka huohuo wanasayansi walitangaza kwamba matumbawe yanapauka dunia nzima kwa mara ya nne. Wakati huohuo, ripoti ya shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, ilionyesha kwamba mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, samaki na viumbe wengine wa majini waliofugwa walizidi waliovuliwa: tani milioni 94.4. Maana yake ni kwamba chakula hiki sasa kinatoka zaidi mabwawani na vizimbani kuliko nyavuni, na bwawa hupata joto haraka kuliko bahari.

Basi kuna maswali mawili ambayo familia ya Ghuba inayokula samaki mara tatu kwa wiki inapaswa kuyajua. Samaki hufanya nini joto likimzidi? Na je, jeni alizorithi kwa wazazi wake zinaweza kumwokoa? Nitayajibu kwa kuanzia mbali kidogo, Huangpu, halafu turudi nyumbani.

Kwa nini Huangpu

Huangpu ni wilaya ya mashariki ya jiji la Guangzhou, kusini mwa China, ukingoni mwa Mto Zhujiang. Wafanyabiashara wetu wanaijua kwa sababu ya bandari na makontena. Lakini kwa watu wa Oman mto ule una historia ya zamani zaidi. Huangpu ndiko liliko hekalu la Mungu wa Bahari ya Kusini, lililojengwa mwaka 594, ambako mabaharia walisimama kuomba safari njema. Na jahazi la Sohar, lililoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, liliondoka Maskati Novemba 1980 likaingia Guangzhou Julai 1981, kuwakumbuka mababu waliokwenda huko kwa pepo za msimu. Tena Maskati na Guangzhou ziko karibu mstari mmoja kwenye ramani, takriban nyuzi 23 kaskazini mwa ikweta. Jua la Juni linawapiga utosini wao kama linavyotupiga sisi.

Sababu yangu kubwa, hata hivyo, ni sato. China ndiyo mzalishaji mkubwa wa samaki huyu duniani, zaidi ya tani milioni 1.5 kwa mwaka, na jimbo la Guangdong, ambalo Guangzhou ni makao yake makuu, ndilo linaloongoza. Wachina wanamwita luofeiyu. "Luo" limetokana na jina la Mto Nile, "fei" na jina la Afrika, "yu" ni samaki. Hawajaficha asili yake. Nilipopita kwenye soko la mtaa mmoja wa Huangpu niliwaona wamejazana kwenye matangi, kila tangi lina mpira wake wa kupuliza hewa. Muuzaji akiuzima ule mpira saa moja tu mchana wa Julai, biashara yake imekwisha.

Na asili hiyo si ya jina tu. Mwaka 1978 China ilichukua sato kutoka Sudan. Mwaka 1988 ulianza mradi mkubwa Ufilipino wa kuzalisha sato bora, uitwao GIFT, ambao ulikusanya samaki wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, wakazalishwa pamoja na kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi. Mbegu hiyo nayo ikafika China miaka ya 1990. Wale Wakenya waliopiga kelele mwaka 2018 kuhusu "samaki wa China" kujaa sokoni walikuwa na haki ya kulinda wavuvi wao, lakini baadhi ya mababu wa samaki yule walitoka Kenya hiyohiyo.

Hesabu ya mapato na matumizi

Sasa tuingie mwilini. Maji ya mto yenye nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita moja. Yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7.5. Wakati huohuo, kila nyuzi 10 zinapoongezeka, mwili wa samaki hudai oksijeni na chakula mara mbili hadi tatu zaidi. Mapato yanashuka, matumizi yanapanda. Kila mwenye familia anajua hesabu hiyo inaishia wapi.

Dalili zinakuja kwa mpangilio. Samaki anapumua haraka, mashavu yanafunguka na kufunga kwa kasi. Moyo unakwenda mbio. Homoni ya kotisoli inamwagika kwenye damu, ileile inayopanda kwetu tunapokuwa na hofu, na sukari ya damu inapanda nayo. Anaacha kula. Mwisho anakwea juu kabisa, mdomo nje, akitafuta ule utando mwembamba wa maji unaogusana na hewa. Mfugaji akiona hivyo alfajiri, ajue amechelewa.

Ndani zaidi, kwenye seli, kuna vita ambayo macho hayaioni. Protini za mwili hufanya kazi zikiwa zimekunjwa kwa umbo maalumu, kama kilemba kilichofungwa vizuri. Joto linazifungua. Hapo seli inaamsha protini moja iitwayo HSF1, ambayo kazi yake ni kuwasha jeni za dharura. Jeni hizo zinatengeneza protini za kukabili joto, maarufu zikiwa HSP70 na HSP90. Hizi ni mafundi: zinazishika zile zilizofunguka, zinazikunja upya, na zilizoharibika kabisa zinapelekwa kuvunjwa. Mwitikio huu uliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1962 na Mtaliano Ferruccio Ritossa, akichunguza nzi wadogo wa matunda. Tangu hapo umeonekana karibu kila mahali penye uhai, sato na sisi wenyewe tukiwemo.

Lakini fundi hafanyi kazi bure. Kila protini inayokunjwa upya inakula nishati, na nishati hiyo ingekwenda kwenye nyama, kwenye mayai, au kwenye kinga ya maradhi. Ndiyo maana nasema joto ni deni. Samaki anaweza kulistahimili leo na akaonekana mzima, kisha akalilipa mwezi ujao kwa njia nyingine.

Guangdong wanazijua njia hizo. Mwaka 2009 mabwawa ya sato ya kusini mwa China yalipigwa vibaya na bakteria Streptococcus agalactiae, na tangu hapo ugonjwa huo umekuwa ukirudi msimu wa joto. Maji yakipita nyuzi 30, kinga ya samaki inalegea, bakteria wanashamiri. Samaki anaogelea akizunguka kama mlevi, macho yanatoka nje, halafu anakufa. Joto peke yake halikumuua. Lilimkuta ameshatumia akiba yake.

Njia nyingine inahusu jinsia. Kifaranga cha sato kikikaa siku za mwanzo kwenye maji ya nyuzi 34 hadi 36, anaweza kuwa dume hata kama jeni zake ni za jike. Wataalamu wameliona jambo hili tangu miaka ya 1990. Kwa mfugaji si msiba, maana dume hukua haraka na ndiye anayetakiwa. Ziwani ni hadithi tofauti: madume wakizidi mno na majike wakipungua, mayai ya kesho yatatoka wapi?

Ghuba yetu imeshatoa jibu

Hapa naomba turudi karibu na milango yetu. Ghuba, upande wa Abu Dhabi, ina matumbawe yanayoishi kwenye maji ya moto kuliko matumbawe yote duniani. Kiangazi maji yanapita nyuzi 35. Ukizunguka Mlango wa Hormuz ukaingia Ghuba ya Oman, maji ni ya wastani zaidi. Bahari mbili jirani, hali mbili. Kwa wanasayansi hiyo ni kama maabara iliyotengenezwa na Mwenyezi Mungu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha vijisamaki vinavyojificha kwenye miamba ya pande hizo mbili. Upande wa Ghuba aina zake ni nusu tu ya zile za Ghuba ya Oman, na idadi haifiki hata robo. Cha kushangaza, matumbawe yenyewe hayakuwa yamepishana sana. Tena samaki hawakukosekana kwa sababu mwili haustahimili joto lile. Tofauti ilikuwa kwenye chakula na nishati: mahitaji yamepanda, riziki haikutosha.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2024, ulichukua aina mbili za samaki wa miambani wanaopatikana pande zote mbili. Samaki wameishi kwenye joto lile la Ghuba kwa zaidi ya miaka 6,000. Wamezoea kweli: matumizi yao ya msingi hayapandi kwa kasi iliyotarajiwa, na wanaweza kuogelea vizuri hata kwenye nyuzi 35.5. Ila wamelipa. Samaki wa Ghuba, akifikia ukubwa wake wa mwisho, ni mdogo kwa asilimia 14 hadi 40 kuliko mwenzake wa maji ya wastani. Watafiti waliona kwamba hoja ya uhaba wa oksijeni haitoshi kuyaeleza haya. Tatizo ni uwiano kati ya chakula kinachoingia na nishati inayotoka. Mwenye mwili mdogo anaweza kuishi kwa mshahara mdogo.

Naona hili ndilo jambo la kushika. Katika bwawa, joto linaua kwa ghafla kupitia oksijeni. Katika bahari, linabana taratibu kupitia riziki. Na hata pale jeni zinapofanikiwa kuzoea, zinakuletea sokoni samaki mdogo.

Magadi: samaki wa moto

Kama kuna anayebisha kwamba uzoefu una bei, aende Magadi, kusini mwa Kenya. Kwenye chemchemi za ziwa lile la chumvichumvi na magadi anaishi perege mdogo ambaye maji yake mchana yanafika nyuzi 42 au 43. Mwaka 2016 timu ya watafiti, wakiwemo wa Kenya, ilichapisha vipimo vyake: anavumilia mpaka nyuzi 45.6 kabla ya kushindwa kujiweka sawa, kiwango cha juu ajabu kwa samaki. Huyu kweli ni fahari yetu.

Lakini soma hesabu yake. Mwili wake unachoma nishati kwa kasi inayokaribia ya mnyama mdogo mwenye damu moto, kama panya. Anawezaje kulipa? Mimea midogo ya kijani iko tele mawe yote, na yeye anakula kutwa. Na umbo lake ni dogo, wa kushikwa kiganjani. Ameyapata haya kwa maelfu ya miaka ya kukaa pale, wasioweza wakifa na walioweza wakizaa. Magadi inatuambia kwamba jeni zinaweza kufika mbali sana, zikipewa muda na chakula. Swali la leo ni kama muda huo upo.

Je, jeni zitawahi?

Kuna jaribio moja lililofanyika Norway ambalo kila mtu anayesema "samaki watazoea tu" anapaswa kulijua. Watafiti walichukua samaki wadogo wa milia kutoka mito ya India, wakachagua wale wanaostahimili joto zaidi, wakawazalisha, wakachagua tena, vizazi sita, zaidi ya samaki 20,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Ustahimilivu uliongezeka kwa nyuzi 0.04 tu kwa kizazi. Na hapo mchaguzi ni binadamu mwenye kipimajoto, asiyechoka. Walipochagua upande wa pili, wale wasiostahimili joto, uwezo ulishuka kwa kasi kubwa zaidi. Kushuka ni rahisi, kupanda kuna ukuta.

Guangdong wana somo la nyongeza. Mwanzoni mwa mwaka 2008 baridi kali iliua sato wengi mno kusini mwa China, maana samaki huyu wa Afrika hawezi maji yakikaribia nyuzi 10. Kwa hiyo mtafutaji wa mbegu bora wa kule anamtaka samaki anayestahimili Julai na Januari, asiyeugua, na anayekua haraka. Sifa zote hizo kwa pamoja ni nadra kwenye kundi moja la samaki waliozaliana wenyewe kwa wenyewe. Ili uwe na cha kuchagua, lazima uwe na aina nyingi za jeni mkononi. Na aina hizo hazitengenezwi kiwandani. Ziko kwenye mito na maziwa ya Afrika.

Hazina tunayoichezea

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Tanzania ni moja ya nchi zenye aina nyingi zaidi za perege wa asili duniani, kila bonde la mto na samaki wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wataalamu wa Tanzania na Uingereza, ulionyesha kwamba sato wa kuletwa wameshaenea kwenye mabonde mengi ya nchi, na mahali wanapokutana na perege wa asili wanazaa machotara. Ziwa Victoria limeshapitia hayo: ngege, ambaye wazee wetu wa Kisumu na Mwanza walimjua kama samaki wa kila siku, leo yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, kwa sababu ya sangara, sato wa kuletwa na uvuvi kupita kiasi.

Kila perege wa mto mdogo anapotoweka, yawezekana inaondoka naye jeni ambayo mzalishaji wa mbegu wa mwaka 2050 angeitafuta kwa tochi. Wachina waliona thamani wakaja kuichukua, wakaifanyia kazi. Siwalaumu. Nauliza sisi wenye mali tunafanya nini.

Kwako unayetuma pesa nyumbani

Nalisema hili kwa sababu wengi wetu huku Ghuba ni wawekezaji, hata kama hatujiiti hivyo. Unatuma riyali na dirhamu, ndugu anachimba bwawa Tanga au Pemba, au ananunua vizimba Kisumu. Novemba 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu waliamka na kukuta samaki wao wanaelea. Maji ya chini yasiyo na oksijeni yalipanda juu. Mtaji wa miaka uliondoka kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo kabla hujatuma, uliza maswali machache. Bwawa lina kina gani? La nusu mita linachemka mchana. La mita moja na nusu linampa samaki pa kukimbilia. Wamewekwa wangapi? Pupa ya kujaza samaki ndiyo inayoua kwanza. Nani anapima oksijeni alfajiri, saa ambayo iko chini kabisa? Je, kuna mashine ya kupuliza hewa, na umeme ukikatika kuna nini? Siku za joto kali, chakula kinapunguzwa au kinatupwa tu kikaoza na kuila oksijeni iliyobaki? Na la mwisho, ambalo watu hawaliulizi: vifaranga vimetoka wapi, na bwawa likifurika kwenye mvua vinaingia mto gani? Kama jibu la hilo ni kukunja mabega, subiri kwanza.

Kwa upande wa bahari, Oman inafunga uvuvi wa nguru kuanzia Agosti 15 hadi Oktoba 15 kila mwaka ili azae. Najua tunanung'unika bei inapopanda na sahani inapokosa nguru. Lakini ukikumbuka hesabu ya joto, utaona kwamba nguru mkubwa aliyeachwa azae katika bahari inayozidi kupata joto ni akiba ambayo hatujui lini tutaihitaji.

Samaki ameshatuonyesha anavyojibu: anapumua zaidi, anakunja protini zake upya, anapunguza mwili, na kwa mwendo wa kobe anabadilisha jeni. Hawezi kwenda kasi kuliko hapo. Yaliyobaki, yaani kivuli, hewa, kina cha maji, mbegu halali na mito iliyoachiwa samaki wake, yako mikononi mwa mwenye bwawa na mwenye mamlaka. Na bwawa, mara nyingi, limechimbwa kwa pesa yako.